Vijidudu sugu wodini: maswali ambayo familia za wagonjwa huniuliza kila siku

Mimi ni muuguzi, nimefanya kazi wodini hapa Mombasa miaka mingi, sehemu kubwa kwa watoto wachanga na kidogo ICU. Haya maswali nayasikia kila siku, mengine naulizwa kwa sauti ya chini kwenye kordo, mengine saa ya kuona wagonjwa, na mengine hunifuata mpaka nyumbani kwa WhatsApp. Nimeyaweka pamoja manake hofu ya kitu usichokielewa ni mbaya kuliko kitu chenyewe.

## Mwanzo kabisa

Daktari ameniambia mamangu ana "kijidudu sugu". Yaani mwili wake umezoea dawa?

Hapana, na hili ndo kosa ambalo karibu kila mtu hulifanya, hata waliosoma. Mwili hauzoei antibayotiki. Waliobadilika ni bakteria wenyewe, wamepata njia ya kujikinga, wengine hutoa kitu kinachoikatakata dawa kabla haijawafikia, wengine huitoa nje kila inapoingia, na wengine hubadilisha pale mahali dawa ilipokuwa inashika ikakosa pa kushika. Kwa hiyo hata kijana wa miaka ishirini mwenye nguvu zake ambaye hajameza antibayotiki maisha yake yote, akipata bakteria hao, dawa itashindwa vile vile.

Nalisema hili mapema kwa sababu nimeona kina mama wakilaumiwa na mawifi zao mbele ya kitanda, ati "wewe ndo ulimzoesha mtoto dawa". Mtoto ana siku sita tangu azaliwe, kazoeshwa lini?

Ni vijidudu gani hasa?

Majina utakayoyasikia sana wodini ni Klebsiella, Acinetobacter, Pseudomonas, E. coli na MRSA. MRSA ni Staphylococcus, wale wale ambao watu wengi wazima wanao puani na kwenye ngozi bila shida yoyote, ila hawa wameishinda methicillin na dawa za ukoo wake. Methicillin ilianza kutumika 1959, na kufikia 1961 Uingereza walikuwa washaripoti bakteria walioishinda. Mimi binafsi nikisikia Klebsiella kwenye chumba cha watoto wachanga ndo moyo huenda mbio zaidi.

Usugu wenyewe unatoka wapi?

Bakteria huzaana kwa kujigawa. E. coli akipata joto na chakula anaweza kujigawa kila dakika 20, kwa hiyo mmoja wa saa nne usiku, ikifika saa kumi na moja alfajiri, kwa hesabu tu, washakuwa zaidi ya milioni mbili. Katika kujigawa huko wapo wanaotoka na kasoro ndogo, na kasoro moja moja kwa bahati humfanya asiuawe na dawa. Ukitia dawa wenzake wote wanakufa, yeye anabaki na nafasi yote na chakula chote. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini 1928, alilionya hili mwenyewe alipopokea tuzo ya Nobel mwaka 1945, kwamba mtu akimeza dozi ndogo isiyotosha kuwaua anawafundisha bakteria kuihimili.

Ila kuna jambo la pili ambalo watu hawaambiwi, na kwa hospitali ndo zito zaidi. Bakteria wana kipande kidogo cha maelekezo kinachoitwa plasimidi, na mmoja anaweza kumpa mwenziwe nakala, hata kama si wa jamii moja, Klebsiella akampa E. coli, mfano wa mtu anayemtolea jirani fotokopi ya ufunguo. Na mara nyingi kwenye plasimidi moja kuna usugu wa dawa nne tano kwa pamoja. Ndo maana mgonjwa ambaye hajawahi kupewa dawa fulani bado inaweza kumkataa.

Ni tatizo kubwa kweli ama ni maneno ya madaktari?

Kwa mwaka 2019 pekee watafiti walikadiria kuwa watu milioni 1.27 duniani walikufa moja kwa moja kwa sababu ya bakteria sugu, na kwa kulinganisha idadi ya watu, Afrika kusini mwa Sahara ndo iliyoumia zaidi. Kenya imekuwa na mpango wa kitaifa wa kupambana na usugu tangu 2017. Kwa hiyo si maneno.

## Wanavyosafiri

Wanatokaje kitanda hiki mpaka kitanda kile?

Hebu nikuonyeshe dakika tatu za wodini. Sista anamwaga mfuko wa mkojo wa mgonjwa wa kitanda cha nne, umejaa, tone moja linamdondokea kidoleni. Kitanda cha tano mashini ya dripu inaanza kulia, jamaa za mgonjwa wanaita "sista, sista", anageuka, anabonyeza batani, anaunyoosha ule mpira uliojikunja, anaigusa branula kuhakikisha haijatoka, kisha anamfunika mgonjwa shuka. Hakuna aliyekohoa, hakuna damu, hakuna kitu kilichoonekana kichafu. Lakini Klebsiella aliyekuwa tumboni mwa mgonjwa wa nne sasa yuko kwenye branula inayoingia kwenye mshipa wa mgonjwa wa tano.

Huyo sista si mzembe. Ana wagonjwa ishirini na kitu peke yake, na pengine bomba halijatoa maji tangu asubuhi, na nyinyi mnaokaa Mombasa hii mnajua maji yakikatika inakuwaje, hata hospitalini watu huanza kutegemea mitungi. Nataka uelewe kwamba njia kubwa ya hawa bakteria ni mikono, mikono yetu sisi wazima, tukiwa katikati ya kusaidia.

Baada ya mikono ni vifaa vinavyozunguka, kile kitambaa cha kupimia presha kinachofungwa mkono huu kisha ule, stethoskopu, kipima joto, kile kibanio cha kidoleni, simu zetu, na vyuma vya pembeni vya kitanda. Acinetobacter anaweza kukaa kwenye kitu kikavu wiki kadhaa akingoja mkono. Klebsiella na Pseudomonas wanapenda unyevu, kwa hiyo wanajificha kwenye mtaro wa sinki, maji yakifunguliwa kwa nguvu yanaruka na kuwatoa nje.

Na hapa naomba sana: usimwage uji, chai, maziwa wala dripu iliyobaki kwenye sinki ya kunawia mikono. Nimeshuhudia mara nyingi, thamosi inasuuzwa pale pale na makapi ya uji yanabaki yamekwama kwenye tundu. Unawalisha bakteria waliomo mtaroni. Mwaga chooni au uliza pa kumwagia.

Si kwa hewa basi? Mbona wengine wanavaa barakoa?

Hawa niliowataja kwa sehemu kubwa hawasafiri kwa hewa, hutakipata kwa kupita mlangoni au kumsalimia mgonjwa. Barakoa huvaliwa pale kuna kurukiwa, kama anapovutwa makohozi. TB sugu ndo nyingine kabisa, hiyo ni ya hewa na ina taratibu zake, usizichanganye.

Kwa nini wanaoshambuliwa ni wale wale walio dhaifu?

Mwili una kuta. Ngozi ni ukuta, asidi ya tumbo ni ukuta, kikohozi ni ukuta, askari wa damu ni ukuta. Mgonjwa wa ICU tumemtoboa kuta zote sisi wenyewe kwa nia njema: mpira wa mkojo, mpira wa puani wa kulishia, branula, na mpira wa mashini ya kupumulia ambao humfanya asiweze hata kukohoa. Kila mpira ni njia, na bakteria hujenga utando ndani ya plastiki ambao dawa huupenya kwa taabu. Aliyeungua hana ngozi. Anayesafishwa damu kwa figo hutobolewa mara mbili tatu kwa wiki. Wa saratani, dawa imeshusha askari wake. Mwenye kisukari, kidonda hakifungi. Mtoto njiti, ngozi yake ni laini kama karatasi ya sigara na kinga yake bado haijakomaa.

Juu ya hayo, ni hao hao wanaopewa antibayotiki kali, ambazo zinaua hata bakteria wema wa tumboni waliokuwa wamejaza nafasi. Nafasi ikibaki wazi, sugu anaingia na kustarehe.

Kwa hiyo swali zuri la kumuuliza daktari kila siku, kwa adabu, ni hili: "Daktari, huu mpira wa mkojo bado anauhitaji?" Usiohitajika utolewe leo, si kesho kutwa.

Babangu aliingia na mguu uliovunjika tu. Hiki kijidudu kakitoa wapi?

Kuna mawili. Huenda alikuja nacho tumboni bila kujua, manake wako watu wengi wazima wanaotembea nacho, au amekipata hapa hapa. Kwa kawaida maambukizi yanayoanza saa 48 au zaidi baada ya kulazwa huhesabiwa kuwa ya hospitali.

Kisa ambacho huwa nawasimulia wanafunzi ni cha hospitali ya utafiti ya Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, pale Bethesda, Maryland, mwaka 2011. Alihamishiwa pale mgonjwa mmoja kutoka New York akiwa na Klebsiella sugu, wakijua kabisa anacho, wakamtenga, wakavaa glavu na magauni, akatibiwa akaruhusiwa kwenda zake. Wakashukuru. Wiki chache baadaye mgonjwa mwingine akaonekana nacho, kisha mwingine, kisha mwingine. Mwisho walikuwa wagonjwa 18, kumi na mmoja walifariki, na sita kati yao kijidudu ndo kilichowaua. Walipoisoma jeni ya bakteria wote wakakuta mzizi ni yule wa kwanza, na kwamba kilipita kwa wagonjwa waliokuwa wamekibeba kimya kimya bila dalili. Kilikutwa kwenye mitaro ya sinki na hata kwenye mashini ya kupumulia iliyokuwa imeshasafishwa. Ilibidi wajenge ukuta, wabomoe mabomba, na waajiri watu kazi yao kusimama tu kuangalia nani ananawa mikono.

Hiyo ni hospitali yenye pesa kuliko karibu zote duniani. Sisemi haya kuwatetea wanaofanya kazi vibaya, nasema ili ujue huyu adui anataka umakini wa kila mguso.

Kwa nini wodi haifungwi ikapigwa dawa ikaisha?

Husaidia, na wakati mwingine hufanywa. Lakini kama aliyebeba kimya bado yuko kitandani na sinki ni ile ile, baada ya wiki mnarudi pale pale. Tena dawa ya kuulia vijidudu ikipakwa juu ya uchafu haifanyi kazi vizuri, kwanza sabuni na maji, halafu ndo dawa, na iachwe ikae muda wake kabla ya kupanguswa.

## Nyinyi familia

Tukija kumuona tufanye nini?

Njoni wachache. Najua kwetu kutoenda kumuona mgonjwa ni aibu, mtu anavuka ferry kutoka Likoni na watoto wake watatu na kikapu cha mahamri, lakini watu kumi kuzunguka kitanda kimoja ni mikono ishirini. Gawaneni siku. Mikono kabla ya kumgusa na baada ya kumgusa, kwa sanitaiza sekunde 20 hadi 30, au sabuni na maji sekunde 40 hadi 60 zote pamoja na kukausha. Ikionekana chafu, au mgonjwa anaharisha, ni sabuni na maji, manake kuna mdudu wa kuharisha, C. difficile, ambaye mbegu zake haziuawi na spiriti ya sanitaiza.

Usikae kitandani. Mkoba usiutoe sakafuni ukauweka juu ya shuka. Na jambo la huruma ambalo hutuponza: usimsaidie mgonjwa wa kitanda jirani kwa mikono hiyo hiyo. Bibi hana mtu, unamwinua, unamnywesha maji, thawabu unapata, lakini nawa kwanza, na ukirudi kwa wako nawa tena. Leso nayo moja ni ya mgonjwa mmoja. Nimeona leso iliyompangusa mtoto ikapangusa chuma cha kitanda, kisha ikatandikwa kwa mtoto wa jirani aliyekuwa analia baridi.

Naweza kumwambia sista au daktari anawe mikono? Naogopa atanikasirikia mgonjwa wangu.

Unaweza, na ni haki yako. Najua hofu yenyewe, tumezoea mwenye koti jeupe haulizwi. Sema kwa upole: "Sista, samahani, nisaidie utie sanitaiza kwanza, mamangu ana mpira kwenye mshipa." Mimi nimeambiwa hivyo na mzee mmoja wa Mji wa Kale, mbele ya wanafunzi wangu, na alikuwa kweli, nilikuwa nimetoka kushika faili na simu. Nilimshukuru. Atakayenuna, mueleze sista mkuu wa wodi.

Wanavaa glavu, si inatosha?

Glavu zinamlinda aliyevaa. Akitoka nazo kitanda hiki kwenda kile hazina tofauti na mkono mchafu, tena ni mbaya zaidi kwa sababu zinampa imani. Glavu ni za mgonjwa mmoja na kazi moja, zikivuliwa mikono inanawiwa.

Mtoto wangu njiti yuko chumba cha watoto wachanga. Nisimguse basi?

Mguse! Hili linaniuma kila nikiulizwa. Mtoto njiti aliyetulia akiwekwa kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi, ule mtindo wa kangaruu, na akapata maziwa ya mama, maambukizi hupungua, hayaongezeki. Anapata bakteria wako wema badala ya wa wodini. Vua pete na bangili, kunja mikono ya nguo mpaka kiwiko, nawa, acha simu nje au ifute. Kikombe cha kukamulia kiwe chako peke yako, kioshwe na kuchemshwa. Na ukiona watoto wawili wamelazwa kwenye kitanda kimoja cha joto, uliza kama kuna nafasi nyingine. Mara nyingi hakuna, na hilo ni deni la serikali, si lako.

## Vipimo na dawa

Kalcha ni nini na kwa nini majibu yanachelewa?

Ni damu, mkojo au usaha unaowekwa kwenye chakula cha bakteria ili waote waonekane, kisha wanajaribiwa dawa moja moja. Kuota tu ni siku moja mbili, kupimwa dawa ni siku nyingine, kwa hiyo siku mbili tatu ni kawaida, na damu husubiriwa mpaka siku tano kabla ya kusema haina kitu. Ichukuliwe kabla ya dawa ya kwanza ikiwezekana. Ni gharama, najua, lakini bila hiyo daktari anabahatisha.

Si apewe dawa kali kuliko zote tangu siku ya kwanza?

Mgonjwa aliyezidiwa hupewa haraka dawa pana, yaani inayoua bakteria wa aina nyingi, hiyo ni sawa, kila saa ina thamani. Ila majibu ya kalcha yakija dawa inapunguzwa iendane na mdudu. Familia nyingine hulia hapo, "mbona wamemshusha dawa?" Hawajamshusha, wamelenga. Meropenemu, moja ya hizo antibayotiki kali, ikitumiwa hovyo tunabaki na kolistini, dawa ya zamani inayoweza kuumiza figo, na baada yake hakuna mengi.

Nimnunulie kemisti nimletee mwenyewe?

Usilete bila daktari kujua. Kisheria antibayotiki ni ya cheti cha daktari, ingawa sote tunajua mtu anaingia kemisti anaomba "zile za rangi mbili, nne tu" na anapewa. Zile nne ndo dozi ndogo aliyoionya Fleming.

## Mambo ya pembeni ila yanaulizwa

Kwa nini wamemweka peke yake na kibandiko mlangoni? Watu wanafikiri ana HIV au ugonjwa wa aibu.

Ni kuwalinda wengine, si adhabu. Mtembeleeni, kaeni naye, mfuate maelekezo ya glavu na gauni. Mgonjwa aliyetengwa huingiwa na upweke sana, na huwa anachunguliwa mara chache kuliko wenzake, kwa hiyo jamaa yake akiwepo anasaidia.

Ameruhusiwa lakini wanasema "bado amekibeba". Atatuambukiza nyumbani?

Kubeba si kuugua. Kinaweza kukaa tumboni miezi, wengine hata mwaka au zaidi, na kwa kawaida hapewi antibayotiki ya kukitoa. Mtu mzima mwenye afya hatari yake ni ndogo. Mle pamoja, alale na mkewe, abebe wajukuu. Anawe mikono akitoka chooni na kabla ya kupika, taulo iwe yake, kidonda kifunikwe. Kama nyumbani kuna mtoto mchanga au mtu mwenye mpira wa mkojo, zidisheni kunawa. Na popote atakapolazwa tena, aseme mapema.

Tulimpeleka India kutibiwa figo. Tukirudi tuseme?

Semeni siku ile ile ya kwanza, na hata kama mlilazwa Nairobi au hospitali nyingine hapa mjini, semeni pia. Kuna kimeng'enya kinaitwa NDM kinachovunja hata meropenemu, kilitambuliwa kwa mgonjwa nchini Sweden mwaka 2008 aliyekuwa amelazwa India, na jina kikapewa la New Delhi. Sasa kimeenea mabara yote na Kenya kishapatikana, kwa hiyo si lawama kwa India. Ni kwamba mwili uliolala hospitali moja unaweza kubeba wa hospitali ile kwenda nyingine, na wodi ikijua mapema itampima na kumpangia kitanda mahali pake.

Mgonjwa wetu amefariki akiwa nacho. Tunaruhusiwa kumuosha wenyewe?

Mnaruhusiwa. Bakteria hawa si kama Ebola. Ombeni wauguzi watoe mipira yote na kuziba kwa plasta matundu na vidonda kabla hamjamchukua. Waoshaji wavae glavu na aproni ya plastiki, na barakoa wakati wa kukamua tumbo manake maji huruka. Mwenye kidonda mkononi akifunike au ampishe mwenziwe. Maji yaliyotumika yaende kwenye mtaro wa choo, si uani, na ubao usafishwe kwa sabuni kisha Jik. Baada ya hapo glavu zivuliwe, mikono inawiwe, na akishakafiniwa watu waje wamuage kama kawaida.